Mkandarasi asiye na bima wala dhamana aruhusiwe kujenga nyumba za watu?

Wakuu habari zenu, naomba hili tulijadili kwa uzito wake. Ukitaka kazi kubwa ya serikali unaambiwa lete dhamana ya benki au ya kampuni ya bima, mara nyingi asilimia 10 ya mkataba, ukikimbia saiti serikali inachukua hela yake pale. Sasa mtu anayejenga kijumba chake Goba au Chanika huku Dar kwa mkopo wa SACCOS, yeye dhamana yake iko wapi? Anatoa advansi, zinaletwa nondo mbili tatu, simu inazimwa, basi.

Mimi nasema anayejenga nyumba za kuishi kwa malipo awe na vyote viwili, na tusivichanganye. Bima ni ya ajali, ukuta ukimwangukia jirani au kibarua akidondoka kutoka juu, maana sasa hivi kibarua akiumia ni familia kupitisha daftari la mchango. Dhamana inalipa kazi isipofanyika mlivyokubaliana, halafu mdhamini anamgeukia mkandarasi amlipe, ndo maana inatia adabu zaidi. California mwenye leseni ya ukandarasi anaweka bondi, yaani dhamana, ya dola 25,000 tangu 2023, Ufaransa toka sheria ya 1978 mjenzi lazima awe na bima inayobeba kasoro kubwa za jengo kwa miaka 10. Sisi Tanzania tuna sheria ya usajili wa makandarasi tangu 1997, makandarasi wamepangwa madaraja saba, la kwanza ndo kubwa, ila usajili haumrudishii mtu hela. Kariakoo Novemba 2024 ghorofa limeshuka limeua watu zaidi ya 20, na tunaendelea kama kawaida, inauma sana.

—

Mkuu hoja yako naielewa ila mimi ni mkandarasi mdogo, daraja la saba, benki ikinipa dhamana inataka nifungie hela au niweke hati ya nyumba, hela hiyohiyo ndo ya simenti. Afu hizo nyumba za Chanika nyingi hazijengwi na sisi, anajenga fundi wa mtaani, msingi mwaka huu, boma mwakani, paa mpaka mtoto amalize chuo, hakuna mkataba hakuna BOQ (orodha ya vifaa na kazi na bei zake), kampuni gani ya bima itaingia hapo? Mkitulazimisha sisi tu tutapandisha bei na mteja atahamia kwa huyo fundi asiye na chochote. Bora mteja azuie asilimia 10 ya malipo mpaka masika yapite aone kama panavuja.

—

La masika nakuunga mkono, hilo watu waanze hata leo. Ila msingi ukititia miaka mitatu baadae hiyo asilimia 10 ulishamlipa zamani, unafanyaje? Kwa hiyo tuanze na maghorofa na nyumba za kuuza na kupangisha, fundi wa vyumba viwili tumwache kwanza, na kiwango cha dhamana kifuate daraja, wewe wa la saba usibebeshwe mzigo wa la kwanza. Bodi ya makandarasi ina mfuko wa kuwadhamini makandarasi wadogo kwenye zabuni, kwa nini usipanuliwe ufike na kwenye nyumba za watu binafsi? Na hili la mteja kukimbia bei sina uhakika nalo, waliojenga karibuni semeni, ungeambiwa bei inapanda kidogo ila advansi yako ina mdhamini ungekataa?