Nyonyo + MMA: bamba lina mapovu na juu linanata

resini_mza: Wakuu, nasuka nyavu mbili za polima, poliurethani ya mafuta ya nyonyo na PMMA (plastiki angavu kama kioo, inayotokana na kimiminika MMA), uzani 60 kwa 40. Mafuta g 100 (namba ya haidroksili, yaani kipimo cha vikundi vya OH, 163), TDI (isosianati inayofunga mafuta) g 35, MMA g 90, benzoili peroksidi (kianzishi cha mmenyuko wa MMA) asilimia 0.5 ya MMA. Oveni nyuzi 80 moja kwa moja. Bamba la mm 4 limejaa mapovu, lina ukungu mweupe, juu linanata. Niko Mwanza, mvua zinapiga. TDI ndogo?

mkemia_kirumba: TDI iko sawa mkuu. 100 × 163 ÷ 56,100 = ekwivalenti 0.29 za OH, zidisha kwa 1.4 (uwiano wa isosianati kwa OH) na 87 (gramu za TDI kwa ekwivalenti), ni g 35.4. Mchawi ni maji. Gramu 1 tu ndani ya mafuta hayo inameza ekwivalenti 0.11 za isosianati, zaidi ya theluthi ya zinazohitajiwa na mafuta yenyewe, na inatoa kaboni dioksidi, ndiyo mapovu yako. Kausha mafuta nyuzi 105 chini ya vakyumu mpaka yaache kutoa povu. Chupa ya MMA ikitoka kwenye friji, isifunguliwe kabla haijafikia joto la chumba. Kwa hewa hii ya ziwa umande utaingia papo hapo.

polima255: Na joto pia. MMA huchemka nyuzi 101 usawa wa bahari. Mwanza ipo juu ya mita 1,130, kwa hiyo inachemka chini kidogo ya hapo, na mmenyuko wenyewe unapasha katikati ya bamba. Anza nyuzi 40, koroga mpaka iwe nzito kama asali, ndipo utie peroksidi. Mimina, nyuzi 65–70 usiku kucha, kisha 100 saa 4.

Kunata juu ni oksijeni ya hewa inayozima radikali (chembe zinazoendesha mmenyuko wa MMA). Mimina kati ya vioo viwili vyenye mpira wa silikoni pembeni, ubane.

Halafu sioni kiunganishi cha MMA, yaani kinachofunga minyororo yake iwe wavu! Bila EGDMA (g 0.9 inatosha) una wavu mmoja na minyororo ya PMMA iliyonaswa humo.

resini_mza: Nitajuaje zimesukana kweli?

mkemia_kirumba: Kipande cha g 0.5, asetoni kwenye Soxhlet (kifaa cha kuosha kwa kiyeyusho kinachozunguka) saa 24, kausha, pima. Kilichopungua ndicho hakikufungwa. Kisha DMA (kipimo cha jinsi bamba linavyolainika likipashwa joto): grafu ikiwa na kilele kimoja kipana, vizuri; ikiwa na viwili, kimoja karibu nyuzi 110, PMMA imejitenga, na ukungu wako ni huo huo.

polima255: TDI ndani ya kabati la kufyonza hewa tu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake.