Naombeni ushauri, nataka kujidizainia raba mtandaoni
Wakuu habari zenu, nimekaa usiku mzima kwenye Nike By You (huduma ya Nike ya kujidizainia raba, ile iliyoanza 1999 ikiitwa NIKEiD) nabadilisha tu rangi, soli nyeupe, kamba za njano, kisigino nyekundu, kwenye simu inawaka balaa. Sasa kubonyeza kulipa ndo naogopa, maana pea niliyowahi kuagiza kwingine nilichagua nyekundu ikaja damu ya mzee kabisa, afu mguu wa kulia ukawa unabana, wangu wa kulia ni mkubwa kidogo. Waliozoea mambo haya, mguu mnapima asubuhi au jioni ukishavimba? Na saizi nifuate mguu upi? Rangi nazo mnazihakikishaje, au ni bahati nasibu tu?