Tupeane uzoefu: pesa za wagombea zilivyoamua kura mtaani kwenu

Mwana wa Kilosa
Wadau, leo mnadani nimekuta kanga za kampeni za 2020 zinauzwa mitumba, nimekumbuka mengi. Leteni mliyoyaona kwa macho, siyo ya kusikia. Mahakama Kuu ilifuta takrima, ile ruhusa ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, 2006, Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikaja 2010, lakini kwetu mgombea akishaondoka swali bado ni "kaacha shilingi ngapi?"

Mjumbe Mstaafu
Nilikuwa mjumbe kura za maoni za CCM 2020, ule mchujo wa wagombea ndani ya chama, jimbo silitaji. Mwaka ule walipiga wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, siyo wanachama wote kama 2015. Kwa mwenye fedha kazi ikawa nyepesi: watu mia kadhaa, majina yapo, namba za simu zipo. Usiku wa kuamkia kura tulifuatwa na gari, Noah, tukalazwa nyumba ya wageni "ili tusichelewe". Simu zikakusanywa kwenye ndoo. Usiku wa manane mtu akapita kitanda kwa kitanda na orodha, anakupa bahasha ya kaki, anaweka tiki. Niliirudisha. Akachora alama ya kuuliza mbele ya jina langu, nikiona.

Asubuhi kura zikahesabiwa hadharani. Mwalimu aliyefundisha nusu ya watu mle ukumbini, aliyesimamia zahanati yetu mpaka ikaezekwa, alipata kura nne. Alikaa mstari wa mbele, kila mwenzake akitajwa anapiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu, ambaye mwanawe alinunuliwa madaftari na mwalimu huyohuyo, akasema, "Si hakutuona," yaani hakutupa kitu. Mpaka leo linaniuma.

Bi Mkubwa
Hakutuona! Na huku kwetu ndivyo wasemavyo.

Kibaraza
Mjumbe, ungechukua tu. Hela kula, kura mpe mwalimu. Kura ni siri.

Mjumbe Mstaafu
Siri gani, ndugu yangu? Unaandika jina mezani, mtu wa tajiri kasimama mgongoni kwako.

Karani wa Kata
Msisahau Mfuko wa Jimbo. Ni fedha ya serikali, sheria yake ya 2009, lakini bati zikifika shuleni zinatangazwa kuwa "mheshimiwa katoa". Wazazi wanapiga vigelegele kwa kodi yao wenyewe.

Fundi Bomba
Niwape la kisima. 2015 mtia nia wa ubunge alituchimbia kisima, pampu ya sola, tangi la lita 5,000. Koki nilifunga mimi. Akaanguka kura za maoni. Wiki haijaisha, likaja lori la Fuso na vijana. Wakafungua paneli, wakavuta pampu, kina mama wamepanga ndoo foleni wanatazama. Bibi mmoja akakumbatia mguu wa tangi, akagoma. Walimbandua vidole kimoja kimoja, wakamkalisha pembeni. Shimo wakaliacha wazi, na watoto wanacheza palepale! Usiku ule nililifunika kwa bati na mawe.

Bi Mkubwa
Yaa Rabi. Bibi aliumia?

Kibaraza
Lakini tuseme kweli, mali ni yake.

Bi Mkubwa
Yake? Umewahi kunywa maji ya kwenye lambo na ng'ombe wewe? Aliyatoa ili anunue watu, na wewe unamtetea.

Karani wa Kata
Serikali ya kijiji idai hati ya makabidhiano kabla koki haijafunguliwa. Pawe na muhtasari na muhuri.

Kijana wa Kilifi
Huku Kenya sheria ya fedha za kampeni ipo tangu 2013. Tumepiga kura 2017 na 2022 bila kutumika. Noti ya mia mbili na pakiti ya unga ndiyo sera.

Mwana wa Kilosa
Kwetu namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, bure. Pigeni.

Mjumbe Mstaafu
Simu ikiwa kwenye ndoo? Afadhali useme mapema, kabla Noah haijaja.

Kibaraza
Mimi nasema kuleni, mkachague mnayemtaka.

Bi Mkubwa
Fundi, hujanijibu kuhusu bibi.

Fundi Bomba
Alichubuka mikono tu, mama. Tulichanga wenyewe tukafunga pampu ya mkono, yeye ndiye mtunza ufunguo. Yule mtia nia alirudi 2020 na jezi na mipira, na wajumbe wakampa kura.