Mjadala: Moshi–Mombasa kwenda na kurudi siku moja, watoto wanaiona Ngome ya Yesu au wanaona kiti cha Kosta?

Mleta mada: Wakuu, msimu wa ziara umefika, kuna shule hapa Moshi zinakusanya mchango wa Mombasa: kuondoka saa tisa usiku, kuingia Ngome ya Yesu, kurudi usiku huohuo. Ngome siipingi, napinga hiyo siku moja. Ni karibu kilomita 300 kupitia Holili, Taveta na Voi. Weka foleni ya Uhamiaji, kila mtoto na hati yake, weka na malori ya Mazeras mpaka Changamwe. Mtoto anashuka jua la utosi, usingizi haujamtoka, anaambiwa apige picha na mzinga, saa nane gari linaondoka. Mahali penyewe si pa kupitia mbio. Wareno walianza kuijenga 1593. Waomani wakaizingira tangu Machi 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Mle ndani kuna michoro ya meli waliyoiacha Wareno ukutani. Ukiwa na haraka huioni. Walale, au wasiende.

Mwalimu wa historia: Mkuu, unaongea kama mwenye hela. Kulala ni hosteli, chakula cha usiku, matroni, na mchango unapaa. Watakaoenda ni walewale ambao ufukwe wa Diani wanaujua tayari. Wa mitaa ya Pasua na Njoro watabaki na kitabu. Niliwahi kumpeleka mtoto mmoja, akaweka kiganja ukutani akaniuliza, "Mwalimu, mbona jiwe lina matundu kama sifongo?" Nikamwambia ni matumbawe, yametoka baharini hapohapo. Akanusa! Hiyo darasani siipati, hata kwa saa moja naichukua.

Suka wa Kosta: Mimi naongelea barabara. Voi–Taveta usiku tembo wanavuka, na aliyeamka saa nane usiku ndiye huyohuyo anayewarudisha gizani. Madereva wawili, au gari lisitoke.

Bibi wa Arusha: Kwani boma la Mjerumani hapa Arusha limehama? Sasa ni makumbusho, mnapanda daladala tu.

Mwalimu wa historia: Shikamoo bibi. Boma tunakwenda, ila hakuna bahari pale, na bila bahari Mreno haeleweki alifuata nini.

Mleta mada: Basi kama ni lazima siku moja, kuna Salaita, kilima cha baada tu ya Taveta. Februari 1916 Wajerumani waliwarudisha nyuma wanajeshi wa Afrika Kusini pale. Saa kumi mko nyumbani.

Mwalimu wa historia: Utawaonyesha kichaka, mkuu. Mtoto wa darasa la sita anataka ukuta.

Mleta mada: Ukuta ataukuta amesinzia. Kwenye mchango nakubali umenibana, lakini kamati ikianza kukusanya kidogokidogo tangu Januari, usiku mmoja unalipika.

Mzazi, Majengo: Januari ya lini? Kwetu mwisho wa kulipa ni Ijumaa, na fomu haisemi dereva ni mmoja au wawili. Kesho naenda kuuliza. Nisipojibiwa, wangu haendi.