Barua pepe za marehemu baba zimo kwenye kompyuta iliyokufa: fundi wa mjini, adapta, au maabara ya Nairobi?

binti_kibokoni

Assalaam alaykum nyote. Naomba ushauri wa watu waliowahi kulifanya jambo hili kwa mikono yao.

Marehemu baba alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, na kazi zake nyingi alizifanyia nyumbani kwa kompyuta ya mezani yenye Windows XP. Kwa miaka mingi alikuwa akiandikiana na ami yangu aliyeko Maskati kwa Outlook Express, programu ya barua pepe ya zamani. Humo ndimo yalimo mambo ya nyumba yetu ya Mji wa Kale: nani alichanga nini paa lilipotengenezwa, hati alikabidhiwa nani, na shajara ya ukoo ambayo ami alikuwa akimtumia baba kipande kwa kipande. Baba hakuchapisha hata ukurasa mmoja. Ami naye umri umeenda, mengi hayakumbuki, na mirathi inatungoja.

Kompyuta haiwaki. Ukibonyeza hakuna taa, hakuna feni. Duka moja la mjini waliifungua, wakatoa diski, wakatukabidhi flashi na kusema data yote imo. Nilikuta picha za harusi na hesabu za Excel. Barua, hamna hata moja. Wakasema basi hazikuwepo.

Njia ninazoziona ni tatu: fundi mwingine, kununua adapta (ya kuunganisha diski kwa USB) nijaribu mwenyewe kwenye laptopu yangu, au kuituma diski kwa wale wa maabara ya kuokoa data Nairobi, ambao bei yao inatisha. Mngekuwa nyinyi mngefanya lipi?

fundi_mwembetayari

Wa alaykum salaam dadangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee.

Maneno ya duka lile yasikuvunje moyo. Kukuta picha na kukosa barua ni jambo ninaloliona kila mara, na sababu yake ni ile ile: aliyenakili alichukua My Documents na Desktop akadhani amemaliza. Outlook Express haikuweka barua huko. Unaanzia Documents and Settings, unaingia kwenye folda yenye jina la mzee, kisha Local Settings, Application Data, Identities, halafu folda yenye mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu, halafu Microsoft, na mwisho Outlook Express. Local Settings imefichwa. Usipoiambia Windows ikuonyeshe vilivyofichwa, utapita hapo juu yake bila kuiona.

Ukifika humo utakuta faili za .dbx, moja kwa kila folda ya barua: Inbox.dbx, Sent Items.dbx, na nyingine zenye majina aliyoyatunga mzee mwenyewe. Barua za mwaka mzima zinaweza kukaa ndani ya faili moja, ndiyo maana mtu anayetafuta barua moja moja haoni kitu.

Sasa, kabla ya kuchagua njia tujue kilichokufa ni nini. Kompyuta isiyotoa taa wala feni mara nyingi imekufa pawasaplai (kisanduku cha umeme) au madabodi (bodi kuu). Diski ni chombo kingine kabisa, na kama duka walisoma picha kutoka humo, basi ilikuwa hai. Walipoiunganisha ilitoa sauti gani?

binti_kibokoni

Nilikuwepo. Ilivuma polepole tu, hakukuwa na kugonga wala kukwaruza.

fundi_mwembetayari

Basi Nairobi uiweke mwisho wa orodha. Huna haja ya kulipa pesa za maabara kwa diski inayosoma.

mzee_changamwe

Mwanangu, poleni kwa msiba. Mimi naona kuna njia ya nne hujaitaja: kuifufua kompyuta yenyewe. Mashine nyingi za zama zile zilikufa kwa sababu ya kapasita za madabodi kuvimba vichwa na kuvuja. Ukifungua ubavu utaziona, zimetuna juu kama zinataka kupasuka. Fundi wa redio anazibadilisha kwa pesa kidogo. Au pawasaplai tu ndiyo imeungua, hiyo unapata ya mtumba. Ikiwaka, unaikuta Outlook Express kama alivyoiacha mzee, folda zake, mpangilio wake, majina yote kwenye kitabu cha anwani. Hakuna programu ya kubadilisha faili itakayokupa hivyo.

Ila mtu asikuambie uitoe diski uiwashe ndani ya kompyuta nyingine. XP ikijikuta kwenye madabodi ngeni mara nyingi hutoa skrini ya buluu na kugoma.

fundi_mwembetayari

Mzee umesema kweli, na nimezibadilisha nyingi hizo kapasita. Hofu yangu ni hii: kila XP inapowaka inaandika kwenye diski. Na Outlook Express yenyewe, baada ya kufungwa mara 100, huuliza kama ikandamize barua ili kupunguza nafasi. Mtu akikubali, halafu umeme ukatike katikati, na hapa kwetu umeme tunaujua, barua zinapotea. Ifufueni baadaye mkipenda. Nakala kwanza.

ummu_layla_bamburi

Mimi niko upande wa adapta, na si fundi, ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilitoa barua za chama chetu cha akina mama kwenye diski ya zamani kwa adapta ya USB ambayo haikufika elfu tatu. Lakini dada, tazama diski kabla ya kwenda dukani. Kama nyuma ina pini 40 katika safu mbili na waya wake ulikuwa mpana bapa, hiyo ni IDE. Kama ina midomo miwili myembamba yenye umbo la L, hiyo ni SATA. Zile adapta zenye pande zote mbili ndizo za kununua.

Jambo la pili ni umeme. Diski ya kompyuta ya mezani inataka volti 12, na USB haitoi hizo, inatoa 5 tu. Adapta lazima ije na chaja yake ya ukutani. Ndogo ya laptopu inakwenda kwa USB peke yake, hiyo ya mzee haitakwenda.

Na Windows ikikuuliza kama ufomati diski ndipo uweze kuitumia, kataa. Funga dirisha, chomoa, rudi hapa uulize.

kijana_likoni

Wengine husema diski ukiitia kwenye friza usiku mmoja inafufuka. Nimesoma hivyo.

fundi_mwembetayari

Usithubutu ndugu yangu. Kwa unyevu wa Mombasa, diski ikitoka kwenye baridi inatoa jasho ndani kwa ndani, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko vumbi. Tone likishika hapo mchezo umekwisha. Hata kifuniko usikifungue.

Kitu cha maana kwa diski za pwani ni kutu. Hewa ya chumvi inazivisha weusi zile sehemu za shaba chini ya bodi yake ya kijani, mahali bodi inapogusana na diski. Ikigoma kusoma, fungua bisi za bodi, sugua sehemu hizo kwa raba ya penseli mpaka zing'ae, futa kwa spiriti, rudisha. Nimeona diski zikiamka kwa hilo tu. Lakini hii yenu inasoma, muiache ilivyo.

mwanalinux_nyali

Naunga mkono adapta, kwa sharti moja: usiifungue diski kwa Windows. Pakua Ubuntu, mfumo wa bure wa aina ya Linux unaochukua nafasi ya Windows, uiweke kwenye flashi, washa laptopu yako kutoka kwenye hiyo flashi bila kusakinisha chochote. Sababu zangu ni mbili.

Kwanza, ruhusa. Kama mzee aliweka nenosiri na akachagua folda zake ziwe za faragha, Windows yako itasema huna ruhusa. Inawezekana kuilazimisha, lakini kuilazimisha ni kuandika kwenye diski ya mzee, maana inabadilisha umiliki wa kila faili. Linux inasoma bila kujali ruhusa hizo.

Pili, na hili ndilo kubwa kwangu, unaweza kuchukua nakala ya diski nzima kabla ya kugusa faili yoyote. Programu inaitwa ddrescue. Inasoma sehemu zisizo na shida kwanza, zenye matatizo inazirudia baadaye, na inaweka faili ya ramani ili umeme ukikatika uendelee pale ulipofika. Diski za enzi hizo ni ndogo, gigabaiti 40 au 80, zinaingia popote. Ukishapata nakala, diski yenyewe unaifunga kwa kitambaa unaiweka kabatini, na kazi yote inafanyika kwenye nakala. Hapo hata ukiharibu, hujaharibu cha mzee.

Usiendeshe CHKDSK kwenye diski ya asili. Ile kazi yake ni kuliweka sawa faharasa la diski, na ikiona faili haieleweki iko radhi kuikata.

abiria_wa_treni

Niwatetee kidogo wa Nairobi, kwa sababu mimi diski yangu ilipita huko na nilishukuru. Lakini yangu ilikuwa ikigonga ta, ta, ta, halafu inazima. Hapo vichwa vimekwisha, na kila ukiiwasha inajikwaruza zaidi. Adapta haisaidii, fundi wa mtaani hasaidii, ddrescue yenyewe inaimaliza. Inahitaji chumba kisicho na vumbi na vichwa vya diski nyingine ya aina ile ile.

Hali nyingine ni diski iliyopigwa na umeme na haizunguki kabisa. Wengi hukimbilia kununua bodi ya diski inayofanana na kuibadilisha. Kwa diski nyingi hilo halifanyi kazi, kwa sababu kwenye bodi kuna chipu yenye vipimo vya diski ile tu, lazima ihamishwe. Wakati mwingine kilichoungua ni diodi moja ndogo iliyowekwa hapo makusudi ijitoe mhanga umeme ukizidi, na mtu anayejua kupima anaiona mara moja.

Kama mtafika huko, usiitume kwa kifurushi cha basi. Ipakie kwenye sponji, panda treni nayo mkononi.

mzee_changamwe

Kabla ya diski, binti yangu, umewaza upande wa pili wa barua? Kila aliyoandika ami yako iko kwake katika zilizotumwa, na kila aliyoandika baba ilifika kwake. Ukiwa na mtoto wa ami huko Maskati mwenye subira, akae naye mzee afungue sanduku lake. Lakini fanyeni haraka. Yahoo hufuta sanduku lisilofunguliwa kwa miezi 12, na Gmail tangu Desemba 2023 hufuta akaunti iliyolala miaka 2. Upande wa baba usitegemee seva, kwa kawaida Outlook Express ilishusha barua na kuzifuta kule zilikotoka.

binti_kibokoni

Sheikh wangu, hilo la ami halikunijia kabisa. Nimeshampigia binamu yangu. Sanduku la ami lilifutwa zamani, kwa hiyo diski ya baba ndiyo nakala pekee iliyobaki. Naanza na adapta na Ubuntu, ndugu yangu mdogo atanisaidia.

binti_kibokoni

Narudi na habari. Alhamdulillahi nakala ya diski nzima imepatikana bila sehemu hata moja kugoma. Folda ile ipo pale pale alipoielekeza fundi. Kuna Sent Items.dbx kubwa na nyingine inaitwa Maskati.dbx. Lakini Inbox.dbx ni ndogo mno, ina barua chache za miezi ya mwisho. Baba hakuwa mtu wa kufuta.

fundi_mwembetayari

Hapo huenda pamepita ule ukandamizaji niliousema. Kwenye XP yenye SP2 (sasisho la Service Pack 2), kabla ya kukandamiza, Outlook Express huweka nakala ya zamani kwenye kapu la takataka, ikiwa na mwisho wa .bak. Je, mzee alikuwa akimwaga kapu? Tazama mwanzo kabisa wa diski, folda iliyofichwa inaitwa RECYCLER. Majina humo hubadilishwa, utaona Dc na namba, lakini mwisho wa jina unabaki. Tafuta .bak iliyo kubwa kuliko zote.

binti_kibokoni

Ipo! Dc14.bak, megabaiti mia tatu na kitu. Sasa inafunguliwa na nini?

mwanalinux_nyali

Chukua kopi yake, badilisha .bak iwe .dbx. Kisha pata programu ya bure inaitwa UnDBX, inaitoa kila barua iwe faili yake ya .eml, na viambatisho vikiwa ndani. Ikikataa, ina hali ya uokoaji inayookota hata barua zilizovunjika. Ukimaliza, sakinisha Thunderbird, programu ya bure ya barua pepe, ongeza kiendelezi cha ImportExportTools NG, uingize folda nzima ya .eml. Kuanzia hapo unatafuta kwa jina, kwa mwaka, kwa neno.

Duka likikuomba ulete faili wakufanyie, kaa pale pale mpaka mwisho. Humo mna hati za wateja wa mzee, si za ukoo peke yake.

binti_kibokoni

Zimefunguka, mwaka 2004 mpaka 2011. Nimeiona ile ya paa, na michango imeandikwa jina kwa jina. Nimewapigia ndugu zangu wote usiku huu huu. Mungu awalipe kheri.

Limebaki moja. Shajara ami aliiandika kwa herufi za Kiarabu ndani ya barua yenyewe, na kwangu zinatokea herufi za ajabu, Ç na ã na å zimejazana. Imeharibika?

mwanalinux_nyali

Haijaharibika. Hizo ni herufi za Kiarabu zinazosomwa kama za Kilatini. Kwenye Thunderbird, katika menyu ya View, jaribu Repair Text Encoding. Ikigoma, tengeneza kopi ya ile .eml, ifungue kwa Notepad, tazama mistari ya juu palipoandikwa charset, yaani aina ya herufi. Bila shaka utakuta iso-8859-1. Badilisha iwe windows-1256, hifadhi, ifungue tena. Nyingine za Sent Items zifanye hivyo hivyo, kwa kopi tu.