Naomba ushauri: iliki yangu imepotewa na kivuli

Assalaam aleikum ndugu zangu wakulima. Nipo Wete, Pemba.

Nina shina kubwa la iliki uani, limekaa miaka chini ya mfenesi bila ya tabu. Upepo wa kusi umeuangusha mfenesi, na sasa jua la saa sita linalipiga moja kwa moja. Majani yanakauka kuanzia nchani, ya juu yamepauka kama karatasi. Ila ukipekua chini, machipukizi yanatoka mabichi kabisa, kwa hivyo sidhani kama mizizi imeoza.

Nimetandaza makumbi na majani makavu shinani, na namwagia maji kila jioni. Udongo una unyevu, lakini majani bado yanaungua. Jirani ananambia nitie mbolea ya dukani; mie naona inachotaka ni kivuli tu.

Sasa, nijenge kichanja cha makuti hapo hapo mpaka migomba niliyopanda pembeni ikue, au masika yakianza niling'oe, niligawe na kulihamishia chini ya mikarafuu? Na kwa aliyewahi kuhamisha: vile vikonyo vya maua vinavyotambaa juu ya udongo, mlivikata kwanza au mliviacha?

Shukrani.