Chama: flati za Kitengela au vipande vya REIT? Nisaidieni upande wa hesabu na kodi

MwekaHazina_Umoja
Habari zenu wakuu. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha uwekezaji hapa Nairobi na mwisho wa mwezi ni lazima tuamue pesa zilizo benki ziende wapi. Wazee wanataka flati Kitengela. Vijana wanasema twende REIT, ule mfuko wa majengo unaouza vipande kwa wawekezaji, kwa sababu haina kodi. Nimefungua taarifa ya hesabu ya REIT moja nikachanganyikiwa: faida ya mwaka ni kubwa, gawio ni dogo. Hizo nyingine zimeenda wapi? Anayejua anieleze taratibu.

BabaNjoki
Pesa ngapi? Chama kimesajiliwa kama nini, kampuni au kikundi cha ustawi? Mnataka hela za kila mwaka au mko tayari kungoja miaka kumi? Bila hayo tutakupa ubashiri, si ushauri.

Wa_Donholm
Ardhi. Mimi sina jibu lingine. Jengo unaliona, ukitaka unalala ndani. Kipande cha REIT utakilaza wapi?

Mkaguzi_Mstaafu
Ndugu mweka hazina, swali lako la faida na gawio ndilo la kuanzia, na wengi huliruka.

IAS 40, kanuni ya kimataifa ya hesabu za majengo ya uwekezaji, inampa mwenye jengo la kupangisha njia mbili. Aliandike kwa gharama aliyonunulia na kukata uchakavu kila mwaka, au aliandike kwa thamani ya soko kila anapofunga hesabu. REIT zetu huenda na thamani ya soko. Sasa mthamini akija akasema jengo limepanda kwa milioni 200, hizo 200 zinaingia kwenye faida ya mwaka huohuo. Hakuna mpangaji aliyezileta. Huwezi kugawa kitu ambacho hakijafika benki, na ndiyo maana kanuni za REIT za mwaka 2013 zinaitaka I-REIT (ile inayopangisha majengo na kugawa mapato) igawe angalau asilimia 80 ya mapato yake baada ya kodi, bila kuhesabu faida ya mtaji.

Kuna na ya pili, ndogo lakini inasumbua. Chukua mpangaji wa duka mwenye mkataba wa miaka 3: mwaka wa kwanza 100,000 kwa mwezi, wa pili 110,000, wa tatu 120,000. Kwa IFRS 16, kanuni ya hesabu za mikataba ya pango, mhasibu anaandika 110,000 kila mwezi tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mwaka wa kwanza una 10,000 kila mwezi, yaani 120,000 kwa mwaka, ambazo ziko vitabuni tu. Mwaka wa tatu mambo yanageuka, pesa inaingia nyingi kuliko inavyoandikwa. Hesabu hizo si uongo, ila usizisome kama taarifa ya benki. Nenda kwenye mtiririko wa fedha, halafu maelezo ya majengo mwishoni kabisa.

BintiKisauni
Asante mzee, hili limenifungua macho. Na hiyo "haina kodi" je?

Mkaguzi_Mstaafu
REIT iliyosajiliwa haitozwi kodi ya mapato ya kampuni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 30. Lakini gawio linapokuja kwako linakatwa kodi ya zuio: mkazi asilimia 5, asiye mkazi 15. Kwa hiyo vijana wamesema nusu ya ukweli. Kodi ipo, inakukuta mlangoni kwako.

Wa_Donholm
Naona mnamsukuma kijana kwenye makaratasi. Fahari, REIT ya hapa Kenya, ilianza mwaka 2015 kwa shilingi 20 kipande. Walitafuta bilioni 12.5 wakapata 3.6. Mwaka 2024 ikaondoka soko kuu ikahamia jukwaa la dhamana zisizoorodheshwa, na wawekezaji wadogo waliotaka kutoka wakapewa shilingi 11. Greenspan Mall, jengo la Fahari, iko hapa kwetu Donholm, nanunua unga pale, jengo liko na watu wanaingia. Jengo zuri na bei ya kipande ni mambo mawili tofauti!

BabaNjoki
Hapo nakubaliana nawe, ingawa mkasa wa Kitengela ninao mimi, na ni wa miaka miwili nzima.

Chama chetu kilinunua flati sita kwa mkopo. Tukampa mhasibu mmoja vitabu, jina nalihifadhi. Yeye akawa anachukua kodi ya wapangaji, anatoa riba ya mkopo, anatoa rangi, mabomba, mshahara wa mlinzi, mwisho wa yote anaandika hasara. Kila mkutano anatuambia hatudaiwi kitu. Tukapiga makofi. Kumbe nyumba za makazi, kama pango mnalopokea kwa mwaka liko kati ya 288,000 na milioni 15, zinatozwa kwa mapato ghafi kila mwezi. Wakati huo ilikuwa asilimia 10, kuanzia Januari 2024 ni 7.5. Hutoi riba, hutoi bomba. Ukitaka kutozwa kwa faida halisi unamwandikia Kamishna mapema, na mhasibu wetu hakuandika barua yoyote. Ilipogundulika, deni la miaka yote miwili lilikuja na adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi uliochelewa. Wanachama watatu walijitoa. Mama mmoja alikuwa ameweka akiba ya karo ya mwanawe humo, nikimkumbuka bado naumia.

Kwa hiyo flati sawa, nunueni, lakini anayeshika vitabu ajue sheria ya kodi ya nyumba, si debiti na krediti peke yake.

BintiKisauni
Pole sana. Na kama ni maduka badala ya nyumba?

Mkaguzi_Mstaafu
Maduka hayamo kwenye utaratibu huo. Unatozwa kwa faida halisi, na pango la biashara lina VAT ya asilimia 16. Nyumba za makazi hazina VAT. Siku mkiuza, kote kuna kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023. Kabla ya hapo ilikuwa 5.

Mswahili_Doha
Samahani naingilia. Mimi nina flati Mombasa na niko Qatar. Ina maana ninakatwa kama mgeni?

Mkaguzi_Mstaafu
Inategemea. Kama una makao ya kudumu Kenya na umefika hata siku moja mwaka huo wa mapato, sheria inakuhesabu mkazi. Kama huna, kodi ya pango kwa asiye mkazi ni asilimia 30 ya mapato ghafi.

Mswahili_Doha
Nyumba ya mama iliyoko Kisauni ni makao yangu ya kudumu?

Wa_Donholm
Fungua uzi wako bwana, huu ni wa chama.

KijanaWaTemeke
Huku kwetu Dar wengi tumeingia vipande vya UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na Watumishi Housing nao wana mfuko wao wa Faida Fund tangu 2022. Unaweka kidogo kidogo, ukikwama unauza. Kwa nini Wakenya mnapenda kufunga pesa yote kwenye zege?

Wa_Donholm
Kwa sababu zege halishuki kutoka 20 hadi 11.

KijanaWaTemeke
Linashuka mkuu, ila hakuna anayekutangazia bei yake kila siku.

MwekaHazina_Umoja
Nashukuru wote. Majibu ya maswali ya BabaNjoki: tumesajiliwa kampuni, tuna milioni 4.2, wanachama wawili wako nje. Tungependa gawio kila mwaka, ila wazee hawataki kusikia kushuka kwa bei.

BabaNjoki
Milioni 4.2 inafunga mlango mmoja tayari. Kwa kanuni za 2013, D-REIT (ile inayojenga majengo) na ofa za watu maalumu, zisizo wazi kwa umma, kima cha chini ni milioni 5. Mmefikiria bondi ya serikali ya miundombinu? Riba yake haikatwi kodi.

Wa_Donholm
Bondi tena! Kwa 4.2 utapata mahali pazuri pa kujenga, jengeni polepole.

Mkaguzi_Mstaafu
Kabla hamjafika kwenye bondi, ile taarifa uliyosoma ni ya mwaka gani? Tafuta maelezo ya majengo ya uwekezaji, piga picha ukurasa wenye kiwango cha mapato (asilimia ya pango kwa bei ya jengo) alichotumia mthamini, uweke hapa. Kikisogezwa kidogo tu, thamani yote inabadilika. Angalia pia mkopo: I-REIT ina kikomo cha asilimia 35 ya mali zake.

MwekaHazina_Umoja
Ni ya 2023. Nikitoka kazini naupakia.